Tarakilishi ndogo iliyongojewa miaka minne na wateja waliokataa kushangilia

Tarehe 16 Oktoba 2014, kampuni ya Apple ya Marekani ilizindua toleo jipya la Mac mini, tarakilishi ndogo kuliko zote za mezani inazounda. Toleo lililofuata halikuonekana hadi tarehe 30 Oktoba 2018. Baina ya siku hizo mbili zilipita siku 1,475, muda ambao katika biashara ya tarakilishi hutosha mtambo kuzaliwa, kuzeeka na kusahauliwa. Ajabu ni kwamba fununu za toleo jipya zilipoanza kuvuma, wengi wa waliolingoja hawakupiga vigelegele. Waliuliza bei ingepanda kwa kiasi gani, kama mtumiaji angeruhusiwa kuongeza kumbukumbu mwenyewe, na kama kipya hicho kingekizidi cha zamani kweli.

Shaka hiyo ilikuwa na historia.

Mac mini ilizinduliwa na marehemu Steve Jobs mjini San Francisco mnamo Januari 11, 2005. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 16.5 kila upande na kimo cha sentimita 5.1, kwa bei ya dola 499. Haikuja na kiwambo, kibodi wala kipanya. Mnunuzi alitakiwa kujiletea vyake. Nia ilikuwa kumvuta mtumiaji wa Windows ambaye tayari alikuwa na vifaa hivyo mezani, na aliyekuwa akiziona tarakilishi za Apple kuwa za matajiri.

Lakini wateja waliipa kazi ambazo hazikuwa kwenye matangazo. Wapo walioiweka chini ya runinga kuchezea filamu na muziki. Wapo walioifanya seva ya ofisi, ikiachwa imewashwa usiku na mchana kwa kuwa haipigi kelele wala hailambi umeme. Mjini Las Vegas, kampuni ya Macminicolo ilianza mwaka huo huo wa 2005 kuhifadhi Mac mini za wateja wake zikihudumia tovuti. Kisha ikaja simu ya iPhone. Xcode, programu rasmi ya kuundia programu za simu hiyo, haifanyi kazi ila kwenye tarakilishi ya Apple, na kwa kijana mwenye kipaji na mfuko mwepesi, mlango wa bei nafuu wa kuingilia kazi hiyo ulikuwa Mac mini. Apple yenyewe iliuza toleo la seva kuanzia Oktoba 2009, na ilipotangaza kwamba ingeacha kuuza seva yake kubwa ya Xserve baada ya Januari 2011, ilizielekeza kampuni zilizoitegemea kwenye kisanduku hicho au kwenye Mac Pro.

Kwa hiyo waliolalamika baadaye hawakuwa watu wa kutamani mapambo tu. Baadhi yao walikuwa wamejenga riziki juu yake.

Kukawia nako hakukuanza mwaka 2014. Toleo la Agosti 2007 lilikaa miezi 19 kabla ya kubadilishwa Machi 2009, na wakati huo pia kulikuwa na uvumi kwamba limekwisha kuchimbiwa kaburi. Bei ilipanda na kushuka: dola 599 mwaka 2006, dola 699 mwaka 2010, kisha 599 tena mwaka 2011.

Matoleo ya 2010 hadi 2012 ndiyo yaliyopendwa zaidi. Kisanduku kilifanywa kipana na chembamba, cha alumini tupu, na upande wa chini kilikuwa na mfuniko wa mviringo uliofunguka kwa kuzungushwa kwa mikono, kama mfuniko wa mtungi. Ndani, vipande vya kumbukumbu, yaani RAM, vilionekana waziwazi. Mtu angeweza kununua mashine yenye kumbukumbu ndogo, akaongeza mwakani mapato yakiruhusu, bila kumlipa fundi. Toleo la Oktoba 2012 lilizidi hapo: kwa dola 799 mteja alipata prosesa yenye viini vinne, yaani sehemu nne zinazogawana kazi kwa wakati mmoja.

Ndipo likaja toleo la 2014. Bei ilirudi dola 499 kama ya mwaka 2005, na aliyesoma kichwa cha habari tu alikuwa na haki ya kufurahi. Aliyesoma zaidi aligundua mambo mawili. Kwanza, viini vinne vilikuwa vimeondolewa. Hata mteja aliyekuwa tayari kulipa zaidi aliuziwa viwili tu, hivi kwamba katika kazi zinazogawanyika, kama vile kutayarisha video, mashine mpya ilishindwa na ile ya miaka miwili nyuma. Pili, RAM ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi kuu. Kiasi ulichonunua siku ya kwanza ndicho ambacho ungezikwa nacho, na cha bei ya chini kilikuwa gigabaiti 4 pekee. Toleo la seva nalo likaondolewa.

Kuhusu viini, ipo sababu ya kiufundi. Katika kizazi cha prosesa za Intel kilichoitwa Haswell, prosesa za viini viwili na zile za viini vinne hazikuwa na umbo moja la kukalia bodi, tofauti na kizazi kilichotangulia. Kuuza aina zote mbili kungehitaji bodi mbili tofauti kwa mashine isiyouzwa kwa wingi. Kuhusu RAM, hata hivyo, sioni utetezi unaomsaidia mnunuzi. Matokeo yake ni kwamba Mac mini ya 2012 yenye viini vinne iligeuka kuwa kitu cha kutafutwa katika soko la mitumba. Sisi wahariri hulitilia shaka neno "jipya" kila linapofika mezani kwetu. Wateja hawa walijifunza shaka hiyo kwa pesa zao.

Baada ya hapo kukawa kimya. Mwaka baada ya mwaka mashine ile ile iliendelea kuuzwa kwa dola 499 zile zile, ikiwa na diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani, huku tarakilishi za washindani zikibadilika. Mnamo Aprili 2017, mkuu wa masoko wa Apple, Phil Schiller, aliwaambia wanahabari kwamba Mac mini ingali bidhaa muhimu. Mkutano huo ulikuwa umeitishwa hasa ili kukiri makosa ya Mac Pro ya 2013, mashine nyingine iliyoachwa bila kuguswa. Oktoba mwaka huo, Afisa Mkuu Mtendaji Tim Cook alimjibu mteja kwa barua pepe kwamba kisanduku hicho kingekuwa na nafasi muhimu katika mipango ya kampuni, bila kutaja tarehe. Ukweli ni kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jibu kama hilo lingetuliza mtu ambaye hakuwa na kumbukumbu ya 2014.

Agosti 2018, shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba toleo jipya lilikuwa njiani, likiwalenga wataalamu, na kwamba huenda bei ingepanda. Ripoti ilitimia Oktoba 30 katika ukumbi wa Brooklyn Academy of Music, New York. Wenye shaka walikuwa sahihi nusu na wamekosea nusu. Viini vilirudi, vinne katika toleo la chini na sita katika la juu. RAM haikulehemiwa tena, na ingeweza kufikia gigabaiti 64, ingawa kuibadilisha kulihitaji kung'oa feni na kuvuta bodi nzima nje. Lakini bei ya kuanzia ilikuwa dola 799, nyongeza ya asilimia 60, kwa hifadhi ya gigabaiti 128 isiyobadilishika. Kupanda kutoka gigabaiti 8 za RAM hadi 16 kuligharimu dola 200 zaidi. Mtaalamu alipata alichokililia. Yule kijana wa mfuko mwepesi alifungiwa nje.

Mlango wake ulifunguliwa tena kidogo Novemba 2020, Apple ilipoachana na Intel na kutia prosesa yake ya M1 kwa bei ya dola 699, kisha M2 Januari 2023 kwa dola 599. Kasi iliruka mno, na bila shaka ndiyo sababu watu wachache walipiga kelele kwamba RAM imefungwa tena, safari hii pamoja na prosesa yenyewe. Toleo la Oktoba 2024, lenye prosesa ya M4, lilipunguza upana hadi sentimita 12.7 na kuanza na gigabaiti 16 kwa dola 599. Kitufe cha kuwashia kiliwekwa chini ya tumbo la mashine, jambo lililozua vichekesho kuliko hasira.

Kwa Mkenya, tofauti za miaka hii zina uzito zaidi dukani kwa mitumba kuliko kwenye uzinduzi wowote. Mac mini ya 2012, ya 2014 na ya 2018 zina umbo na vipimo vile vile, na kwa mbali kinachoitambulisha ya 2018 ni rangi yake ya kijivu cheusi. Muuzaji akisema ni ya karibuni, omba iwashwe, bofya alama ya tufaha kwenye kona ya juu kushoto, kisha chagua maelezo kuhusu Mac hiyo: mwaka, prosesa na RAM huonekana hapo. Fahamu pia kwamba mfumo wa mwisho uliokubaliwa na ile ya 2012 ni Catalina wa 2019, na kwa ile ya 2014 ni Monterey wa 2021. Ya 2018 iliishia kwa Sequoia wa 2024.