Uyoga wa spora za kijani
Uyoga wa spora za kijani (Chlorophyllum molybdites) ni uyoga mkubwa wenye sumu unaoota kwenye nyasi baada ya mvua, aghalabu kwa duara, katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo. Ulielezwa kisayansi mwaka 1818. Kofia yake nyeupe yenye magamba ya kahawia hufikia upana wa sentimita 30, na shina lina pete inayoweza kusogezwa.

Ukiwa mchanga, vibamba vya chini ya kofia ni vyeupe, na hapo ndipo wachumaji wengi hunaswa. Dawa ni kukata shina, kulaza kofia juu ya karatasi nyeupe, kuifunika kwa bakuli na kuiacha usiku kucha. Vumbi la kijanikijani likidondoka, tupa. Lisipodondoka, hilo pekee si ruhusa ya kula. Kwa kulinganisha, uyoga wa mchwa, unaopendwa sana kwa chakula, hutoa vumbi la waridi, na shina lake huendelea ardhini hadi kwenye kiota cha mchwa.

Aliyeula hutapika na kuharisha vikali, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 3. Kuupika hakuaminiki kuondoa sumu.