Sheria ya Miller

Sheria ya Miller ni sheria ya shirikisho ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1935 kuchukua nafasi ya Sheria ya Heard ya 1894. Inamtaka mkandarasi mkuu wa ujenzi wa serikali, kwa mkataba unaozidi kiwango fulani cha fedha, aweke dhamana ya malipo kutoka kwa mdhamini. Chimbuko lake ni hili: fundi asiyelipwa kwenye jengo la mtu binafsi huweza kulishikilia kisheria, lakini mali ya serikali haishikwi kwa deni. Bila dhamana, aliyemwaga zege angeondoka mikono mitupu.

Mkandarasi mdogo mwenye mkataba na mkandarasi mkuu hahitaji kutoa notisi. Anayemdai mkandarasi mdogo lazima ampelekee mkandarasi mkuu notisi ya maandishi ndani ya siku 90 tangu alipofanya kazi au kuleta vifaa mara ya mwisho. Kuchelewa hapa ni hasara chungu, kwani deni la haki kabisa hukosa mlipaji chini ya dhamana.

Kesi hufunguliwa siku 90 zikipita tangu kazi au vifaa vya mwisho bila malipo kamili, na kabla ya mwaka mmoja kwisha, katika mahakama ya shirikisho ya wilaya ulipo mradi. Huandikwa kwa jina la Marekani, kwa manufaa ya mdai. Aliyemuuzia muuza vifaa tu hana kinga. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1944 katika kesi ya MacEvoy.