Lokole na muto: sauti ya Walokele juu ya maji

Kati ya mapokeo ya inchi yetu, kuna moja inayostahili kuandikwa mbele ya kupotea: usemi wa lokole kwa Walokele, wavuvi na wachuuzi wa kando ya muto Kongo, upande wa chini ya Kisangani.

Lokole si ngoma ya ngozi. Ni kipande cha gogo la muti mugumu, kilichochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba wa juu. Midomo miwili ya mwanya ule haitoi mulio sawa: mumoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Sauti hizo mbili zinatosha, juu kilokele ni luga ya toni: ukipandisha ao kushusha sauti, neno linageuka lingine.

Lakini maneno mengi yana toni sawasawa. Mwezi na kuku, kwa kilokele, vinalia namna moja kwenye gogo. Sasa wazee walifanya nini? Waliongeza maneno: mwezi unaotazama chini duniani, kuku, yule mudogo anayesema kiokio. Ndiyo maana habari fupi ya kinywa inakuwa ndefu kwenye lokole.

Muto nao unasaidia. Usiku hewa ya karibu na maji inapoa, ile ya juu inabaki na joto, na sauti inainama kurudi chini. Tena juu ya maji hakuna miti ya kuizuia. Habari iliweza kufika kilomita zipatazo 10, kijiji kingine kikaipokea na kuituma mbele. Mwaka 1877, Stanley aliposhuka muto, ngoma zilimutangulia.

John Carrington, misionere Mwingereza aliyefika katika eneo la Yakusu mwaka 1938, alijifunza kuipiga, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Wakati wake tayari vijana walikuwa wanaiacha.

Wengi wanasema redio na simu ndizo zimeua lokole. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Kiswahili tunachoandika hapa hakina toni za kutofautisha maneno. Lokole haiwezi kukisema ginsi inavyosema kilokele. Mutoto asiyejua kilokele atasikia mulio, hatasikia habari. Kuweka gogo ndani ya nyumba ya makumbusho haitoshi. Wazazi waseme kilokele na watoto, na wapigaji warekodiwe pamoja na maana ya kila neno, wangali hai.