Ukuta Haukuanguka

Ukitoka Mji wa Kale wa Mombasa ukashuka hadi ufukweni chini ya Ngome ya Yesu, inua macho. Ukuta umesimama wima juu ya mwamba wa matumbawe. Wareno waliuanza mwaka 1593.

Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hiyo. Ukuta haukuanguka. Lakini njaa na maradhi viliingia bila ngazi. Mwaka 1697, Wareno walipokuwa wamekufa karibu wote, aliyebaki kuilinda ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake wachache. Hakuwa wa taifa lao wala wa dini yao, lakini alikaa mpaka msaada ulipofika. Hatimaye, tarehe 13 Desemba 1698, Waomani walipanda kuta wakakuta walinzi wachache tu.

Ndugu yangu, nasi twajenga kuta na kupanda vipande vya chupa juu. Si vibaya kujilinda. Lakini siku ya maradhi ukuta hautakuletea maji ya kunywa, atakuletea jirani. Je, jina lake walijua?