Anayenyemelewa na Aliye Hatarini: Taa Manta Wawili

Ng'ambo ya mji wa Noonkopir, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mna wanyama watatu wanaotosha kufundisha istilahi za viwango vya hatari ya kutoweka. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, simba ana herufi VU (Vulnerable), twiga wa Kimaasai amekuwa EN (Endangered) tangu 2019, na faru mweusi ni CR (Critically Endangered). Taarifa zetu za Kiswahili mara nyingi huwaita wote "walio hatarini kutoweka". Madaraja matatu yanageuka moja, na msomaji hajui nani wa kukimbiliwa kwanza.

Baharini mkorogo huzidi, maana taa manta wawili walihesabiwa spishi moja hadi 2009. Taa manta mkubwa hufikia mita 7 toka ncha ya pezi hadi ncha; kinywa chake cheusi, na katikati ya mabaka meupe ya mabegani hujichora T nyeusi. Wa miamba hufika mita 5 hivi, kinywa cheupe, na hupenda kukaa karibu na pwani. Wote wawili kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya takriban mwaka mzima, kisha mama hupumzika mwaka au zaidi. Jarife likitegwa usiku kwa ajili ya jodari na papa halibagui. Nyama huwa ng'onda. Matamvua yaliyokaushwa huuzwa Asia kama dawa.

Wa miamba aliwekwa VU katika tathmini ya 2018, na mkubwa EN mwaka uliofuata. Kwa kipimo cha kupungua, VU huanzia asilimia 30 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi kirefu zaidi. EN huanzia 50, CR 80. Kwa manta, vizazi vitatu vinapita miaka 80.

Kwa hiyo kutafsiri VU kuwa "dhaifu" hakufai: manta si mnyonge, ila kuna kinachomwandama. Napendekeza "anayenyemelewa". EN ibaki "aliye hatarini", na CR iwe "mahututi", neno ambalo kila aliyeuguza mtu hospitalini analielewa bila kufafanuliwa. Kundi zima la madaraja hayo matatu liitwe "walio katika tishio". Hapo mwandishi wa pwani ya Nungwi ataweza kuripoti kwa sentensi moja kwamba manta wa miamba ananyemelewa na mkubwa yuko hatarini, na mvuvi akajua yupi wa kumfungulia wavu kwanza.