Anasema Nini?

Wazee wengi wa rika langu wanapozungumzia televisheni huanza kwa kulalamika. Husema inawaharibu watoto, inaleta mila za kigeni, inakula muda wa kazi. Mimi nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na malalamiko ya namna hiyo niliyasikia juu ya mpira, juu ya muziki wa dansi, juu ya vitabu vya upelelezi, na hata juu ya baiskeli. Kwa hiyo sina nia ya kuyaongeza hapa. Tamthilia za kigeni ninazitazama, tena kwa furaha, na nina maoni yangu juu yake kama mstaafu mwingine yeyote mwenye king'amuzi na jioni ndefu. Ninalotaka kulisimulia ni jambo ambalo halitajwi sana: ni nani, katika nchi hii na hasa huku kwetu kando ya Ziwa, amekuwa akituambia wale watu kwenye picha wanasema nini.

Swali hilo ni la zamani kuliko televisheni yenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na majaribio ya sinema za elimu yaliyowekwa Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt na Bwana Latham. Walitengeneza filamu fupi fupi juu ya kodi, safura, akiba ya posta na mambo kama hayo, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali, ili kila mahali watu wasikie lugha wanayoielewa. Filamu hizo zilitudharau, hilo halina ubishi. Mwafrika wa ndani yake ni mtu wa kuelekezwa tu. Lakini waliozitengeneza walikuwa wameng'amua kwamba picha bila sauti ya kuieleza haifiki mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja kampuni moja kutoka Johannesburg, ikatengeneza michezo ya Kiswahili kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962. Vijana wa leo ukiwaambia kwamba Simba wa Vita alikuwa nyota wa sinema kabla ya kuwa kiongozi, hudhani unawatania.

Mimi nilizaliwa Ukerewe. Gari la sinema lilipofika Nansio nikiwa mtoto, shuka jeupe lilifungwa kati ya miembe miwili, na mtu mmoja akasimama kando na kipaza sauti kutufasiria. Nakumbuka filamu ilikuwa ya Kiingereza, juu ya usafi wa visima. Yule bwana aliona watu wanaanza kuondoka, akaigeuza kuwa ugomvi wa wake wenza wawili juu ya ndoo. Hakuna aliyeondoka tena. Sijui serikali ilipata faida gani, lakini visima tulivikumbuka.

Baadaye, nilipokuwa nikisomea ualimu Butimba, tulikwenda mjini Mwanza kwenye sinema ya Liberty kuona picha za Kihindi. Humo hakuna aliyetufasiria. Mapenzi, machozi na mama mwenye kudhulumiwa havikuhitaji mkalimani, na palipokuwa pagumu palikuwa na mtu aliyekwisha kuiona picha mara tano na ambaye hakuweza kunyamaza. Tulimkemea, lakini tulikuwa tukimsikiliza.

Miaka hiyo hiyo tulikuwa tukijifunza kuwa walimu, na mezani kwetu kulikuwa na tafsiri za Mwalimu Nyerere: Julius Caesar wa Shakespeare, aliyemtoa kwa Kiswahili mwaka 1963 na kumrekebisha mwaka 1969, pamoja na Mabepari wa Venisi. Marehemu S. S. Mushi naye alikuwa amemtafsiri Makbeth. Kazi hiyo tuliiita fasihi, na tuliitahini. Leo vijana wa Dar es Salaam wanakaa studio siku nzima wakimtafutia sultani wa Istanbul Kiswahili kinachomfaa, kwa kasi ya midomo ya mwigizaji, na sisi tunaiita burudani. Nadhani tunawapunja.

Hapa lazima nimlete dada yangu, kwa sababu ndiye aliyenifanya nifikirie mambo haya. Ananizidi miaka mitano au sita, na hakupelekwa shule. Wakati ule mtoto wa kike alikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa hapa Mwanza. Vitabu vyake vya kwanza vilihusu pamba, migomba, uvuvi, malezi. Dada alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, usiku, kwa taa ya chemli, akiwa na mtoto mgongoni. Mwaka 1974 lilipoanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa kwa ajili ya wasomaji wapya wa kanda yetu, alilisoma mpaka likachakaa, akiweka kidole chini ya kila neno. Ilipofika mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10. Dada yangu alikuwa mmoja wa walioishusha hesabu hiyo, na mpaka leo hujivunia.

Televisheni haikuwapo. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 vilipoanza vituo vya watu binafsi, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Kilichojaza pengo huku kwetu ni kibanda cha video: mabenchi, turubai, jenereta, na filamu ya Hong Kong au ya Marekani. Hapo ndipo mfasiri wa kipaza sauti alipofufuka. Dar es Salaam alisifika Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu. Ng'ambo ya pili ya Ziwa, Kampala, walikuwapo wa kwao kwa Kiganda. Walimu tulivichukia vibanda hivyo kwa sababu viliwatoa watoto darasani, na kwa hilo tulikuwa na haki. Lakini wale wafasiri walikuwa na kipaji. Waliwapa majambazi wa New York majina ya mitaa yetu, wakasimamisha filamu katikati kueleza benki ni kitu gani. Yule bwana wa visima angewatambua kuwa wanawe.

Kisha zikaja tamthilia za kila jioni. Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1998 na kumalizika mwaka 2020, ilitawala sebule za watu kwa miaka mingi, na baada yake, au pamoja nayo, zile za Mexico na Ufilipino. Nyingi zilizungumza Kiingereza, cha asili au cha kubandikwa. Nyumbani kwangu binti yangu, akiwa sekondari, alikuwa mfasiri rasmi. Majirani walikuja na vigoda vyao. Alipokuwa na mtihani, mtaa mzima ulilala mapema.

Mwaka 2011 TBC walirusha tamthilia ya Kichina juu ya binti aitwaye Mao Doudou na mama wakwe zake, ikizungumza Kiswahili tupu. Rais Xi Jinping mwenyewe aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Najua kwamba nchi kubwa haitoi tamthilia bure, na mwanafunzi wangu yeyote wa historia angeweza kuandika insha juu ya hilo. Hata hivyo mama mkwe ni mama mkwe. Dada yangu, aliyekuwa akiitazama kwa jirani huko Nansio, aliniuliza kwa simu kama ni kweli Wachina nao huishi na wakwe, na nilipomwambia ndiyo, alisema, "Basi ni watu."

Baada ya Wachina wakaja Waturuki. Ile tamthilia juu ya Sultani Suleiman, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, iliwagawa wanawake wa Nansio makundi mawili. Wako wa Hürrem, mtumwa aliyepanda mpaka akawa mke halali wa sultani. Na wako wa Mahidevran, mama wa Mustafa, aliyekuwapo kabla. Dada yangu ni wa Mahidevran na hasikii la mtu. Mimi, kwa maoni yangu, naona tamthilia ile imezidisha mapambo na kupunguza vita, kodi na njaa, ambavyo ndivyo vilivyoijenga dola. Lakini imefanya jambo ambalo vitabu vyangu vya darasa la saba havikuweza, nalo ni kumfanya mwanamke wa Ukerewe akeshe akihofia hatima ya mtoto wa mfalme aliyeuawa mwaka 1553. Ile ya Ertuğrul sikuimaliza. Kila mtu ana upanga, na kila mwenye upanga ana hotuba.

Nilimweleza dada kwamba hao Waturuki walifika hata kwetu. Mwaka 1585 nahodha wao Mir Ali Bey alikuja pwani ya Afrika Mashariki, na miji kadhaa ya Waswahili iliyochoshwa na Wareno ikamwunga mkono. Alirudi tena, akakamatwa Mombasa mwaka 1589, na miaka minne baadaye Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Sultani wa Istanbul wakati huo alikuwa Murad wa Tatu, mjukuu wa Suleiman na Hürrem. Dada alisikiliza yote, akanyamaza, kisha akauliza kama Mahidevran naye alipata mjukuu. Nikamwambia alikuwapo mtoto wa Mustafa, lakini naye aliuawa. Alinikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyetoa amri.

Sasa nifike kwenye lile linalonisumbua. Dada alikuja Mwanza kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho pale Bugando, akakaa kwetu majuma kadhaa. Jicho moja lilipata nafuu, la pili si sana. Katika nyumba yetu yumo mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo, ambaye tamthilia zake haziko sebuleni. Ziko kwenye simu, kwa bando, na vidude vya kusikilizia vimo masikioni. Ni za Kikorea, nyingine za Kihispania, na maneno ya Kiingereza hupita chini ya picha. Anayasoma kwa kasi ambayo mimi mwenyewe, niliyefundisha Kiingereza, siiwezi. Dada hukaa ubavuni pake kitandani, huona nyuso, huona mtu analia, na huuliza, "Anasema nini?" Binti hujibu, "Subiri, Bibi." Si kwa ubaya. Sentensi moja ikimpita, hairudi.

Nimefundisha watu kusoma maisha yangu yote, na sijawahi kuyaona maandishi yakimfungia mtu mlango namna ile. Mwanamke aliyesoma kitabu cha pamba kwa taa ya chemli, akahesabiwa na taifa kuwa anajua kusoma, amerudishwa nje ya kibanda, kwa sababu herufi ni ndogo, zinakimbia, na ni za lugha nyingine. Yule bwana wa visima asingemwacha nje. Lufufu asingemwacha.

Jioni moja bando liliisha, na mjukuu wangu akamsimulia Bibi yake ile Squid Game ya mwaka 2021, tangu mwanzo, kwa mdomo. Mimi niliiona zamani kidogo na nikaiheshimu: ni hadithi ya watu walioelemewa na madeni mpaka wakakubali kuchezea uhai wao, na kwa anayeijua mikopo ya kausha damu katika mitaa yetu haihitaji maelezo marefu. Dada alisikiliza mchezo wa kwanza, watu wanavyopigwa risasi kwa kutikisika tu, akauliza, "Hao hawana ndugu?" Mjukuu wangu alifikiri sana kabla ya kujibu. Akasema wanao, lakini nao wanadaiwa. Swali lile halimo katika maandishi ya chini ya picha yoyote, na nadhani lilikuwa uhakiki bora kuliko wangu.

Tangu hapo imekuwa desturi, umeme ukikatika au bando likiisha, kusimuliana. Zamu yangu ilipofika nilitoa kabatini kitabu cha mzee wetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kile cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili kwa sababu hakukuwa na aliyetaka kukichapa kwa Kikerewe, na kikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Mke na mume wapendanao hawajapata mtoto uhai, ndugu wa mume wanaleta maneno, baba mkwe anamchukua binti yake, na mume anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Kina kila kitu ambacho Waturuki na Wachina wametuuzia, pamoja na Ziwa, na mimi sijakiona kwenye king'amuzi chochote.

Ninasoma kwa sauti, polepole. Dada hunikatiza. Anasikia Kikerewe chini ya Kiswahili kama mtu anayesikia maji chini ya mtumbwi, na mara kwa mara hukataa neno: "Hapana, sisi hatusemi hivyo, tunasema hivi." Juzi alilitaja jina la Kikerewe la chombo cha kuhifadhia pombe, jina ambalo hata mimi nilikuwa sijalisikia tangu utotoni. Mjukuu wangu akatoa kidude kimoja sikioni, akasema, "Bibi, umesemaje?" Maelezo yalichukua karibu saa nzima, na yaliingia mpaka mahari ya mama yetu. Sura ile hatukuimaliza.