Nembo iliyonyooka huanzia kwenye fremu

KILA mwanzo wa mwaka wa masomo, mafundi wa kudarizi kwa mashine hupokea marundo ya sweta na mashati ya shule yanayohitaji nembo. Kazi hiyo hudhaniwa kuwa nyepesi kwa sababu mashine huongozwa na kompyuta. Hata hivyo, nembo ikipinda, ni vigumu kuirekebisha. Mishono yake huwa maelfu, na kuifumua aghalabu huacha matundu kwenye kitambaa. Hasara ya vazi hilo humwangukia fundi.

Ikumbukwe kwamba mashine haioni vazi. Hufuata vipimo vya fremu, yaani pete mbili zinazobana kitambaa. Vazi likikaa upande ndani ya fremu, nembo nayo itakaa upande.

Kuchora umbo

Anayejifunza na aanze na maumbo sahili: mstari, mraba, mduara na ngao. Programu ya kuchora mishono huwa na aina 3 za msingi. Ya kwanza ni mishono inayofuatana kwenye mstari mwembamba. Ya pili ni nyuzi zilizolazwa zikibanana kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, nazo hufaa herufi na mipaka ya umbo. Upana wake ukizidi milimita 7 hivi, nyuzi hulegea na kunaswa kwa urahisi. Ya tatu ni safu za mishono mifupi ya kujaza eneo pana. Kwa uzi wa kawaida wa nambari 40, safu hizo huachana kwa takriban milimita 0.4.

Uzi huvuta kitambaa. Ndiposa mduara ulio sawa kwenye skrini huweza kutoka kama yai, ukiwa umesinyaa kuelekea mishono inakolalia. Fundi hufidia kwa kuongeza milimita 0.2 hadi 0.4 upande huo, kutegemea kitambaa. Aidha, hutanguliza mishono michache ya msingi ili kushikilia kitambaa kabla ya umbo lenyewe kushonwa. Jaribio zuri ni mraba wa sentimita 5: ushone kwenye kipande cha kitambaa kama cha vazi, kisha upime pande zote 4. Tofauti itakayoonekana ndiyo ya kufidiwa.

Kubana vazi

Kwanza, piga vazi pasi na ulilaze mezani bila kulivuta. Tia alama ya msalaba kwa chaki mahali pa katikati ya nembo. Kwenye shati la mtu mzima, mahali hapo kwa kawaida huwa sentimita 18 hadi 23 chini ya mshono wa bega, kushoto kwa mvaaji. Kwa mtoto, vipimo hupungua. Mstari wa wima ufuate nyuzi za kitambaa au safu za ufumaji wa sweta. Usiutegemee mshono wa ubavuni, kwani mara nyingi huwa umejipinda.

Pili, chagua fremu ndogo kabisa inayotosha nembo. Legeza skrubu, ingiza pete ya nje ndani ya vazi, na utandaze juu yake kitambaa kigumu cha kutegemeza, kipite kingo zote za fremu. Sweta na fulana huhitaji kile kinachopunguzwa kwa mkasi baada ya kushona. Kile cha kuchanwa kwa mkono hufaa vitambaa visivyonyumbuka.

Tatu, linganisha mistari ya kipimo cha plastiki cha fremu na msalaba wa chaki, kisha ukandamize pete ya ndani kwa viganja na kukaza skrubu. Kitambaa kiwe kimetandazika bila makunyanzi. Kukivuta baada ya kukibana ni kosa: kikitolewa kwenye fremu hurudi hali yake, na nembo hujikunja.

Hatimaye, hakikisha kwamba mkono au mgongo wa vazi haujaingia chini ya sindano. Iamuru mashine izunguke mpaka wa nembo bila kushona, huku ukitazama alama zako. Msalaba ukiwa umekaa upande, toa vazi ulibane upya. Kazi hiyo ni ya dakika chache, ilhali sweta iliyotoboka hulipiwa bei kamili.